Nyuki Wasio na Mzinga

Mtu akitajiwa nyuki, mara moja fikira zake huenda kwenye mzinga uliotundikwa mtini, na asali, na nta, na uso uliovimba. Hayo yote ni kweli, walakini ni habari za nyuki wachache tu. Wataalamu wa wadudu wamekwisha kuwapa majina nyuki wa aina zaidi ya 20,000 duniani, na walio wengi kabisa katika hao hawana mzinga, hawana malkia, wala hawaweki asali ya kurinwa. Kila jike hujijengea nyumba yake mwenyewe, huwawekea watoto wake chakula kwa jasho lake mwenyewe, na aghalabu hufa kabla hajawaona. Hao ndio nyuki wapweke, nao wamo katika kila shamba la nchi hii, hata katika mashamba ya wale wasemao kuwa kwao hakuna nyuki.

Nami nalikuwa mmoja wa wasemao hivyo. Kwetu si mbali na msitu wa Kakamega, na kazi yangu ni ya ukarani, basi shamba naliona jioni, na Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada. Miaka mitatu iliyopita naling'oa ua wa zamani uliozunguka bustani yetu, ambao nguzo zake za mwamba-ngoma zilikuwa zimekauka tangu siku za marehemu baba. Nikasimamisha nguzo mpya za mikaratusi zilizotiwa dawa, nikazifunga waya, na chini yake nikapanda mashina 24 ya pasheni ya manjano. Zile nguzo kuukuu zilijaa matundu ya mviringo, kila tundu kiasi cha kuingia kidole. Nalidhani ni kazi ya dumuzi. Mama alizipasua akazipikia kwa muda wa majuma mawili, nasi tulifurahi ya kuwa takataka imepata matumizi.

Pasheni zilikua vizuri, na mwaka uliofuata zikatoa maua mengi hata wapitao njiani walisimama kuyatazama. Lakini kila asubuhi nalikuta mengi yameanguka chini, yamejikunja kama karatasi iliyotupwa. Siku moja naliyafunga maua 40 nyuzi nyekundu ili nijue mwisho wake. Yaliyoshika tunda yalikuwa 3. Nikatia samadi, nikamwagilia maji, nikanunua dawa ya ukungu. Hakuna kilichobadilika ila fedha zangu kupungua.

Afisa wa kilimo alipopita kwetu hakutazama udongo wala majani. Aliuliza tu, "Maua haya hufunguka saa ngapi, na ni nani ayatembeleaye?" Sikuwa na jibu. Pasheni ya zambarau hufungua maua yake alfajiri na kuyafunga adhuhuri, lakini hii ya manjano hufungua yapata saa sita mchana na kufunga usiku, na ua likisha kufunga halifunguki tena. Saa ya maua yangu kufanya kazi ndiyo ile ile niliyokuwa nimeinama juu ya mafaili. Mwaka mzima sikuwa nimeliona hata ua moja likitembelewa.

Basi nikaomba likizo yangu ya siku 21, nikachukua kigoda, nikaketi kivulini karibu na waya. Majirani walinicheka kidogo. Mtu akichukua likizo hujenga, au huenda mjini. Hakai kitako akitazama maua.

Ua la pasheni likitazamwa kwa karibu hueleza mambo yake lenyewe. Katikati yake vimening'inia vifuko vitano vya unga, ambao vitabu vya shule huuita chavua, navyo vinatazama chini. Juu ya vifuko ziko ncha tatu za kike zipokeazo unga huo, nazo huinama polepole baada ya ua kufunguka. Maji matamu yamefichwa chini kabisa, ndani ya duara. Tena pasheni ya manjano huukataa unga wake yenyewe. Utokao katika maua ya shina lile lile haufai kitu, ni sharti uletwe kutoka shina jingine. Nyuki wa asali walikuja kwa wingi mara maua yalipofunguka, lakini nyuki wa asali ni mfupi kwa kazi hii. Hupita chini ya vifuko bila kuzigusa ncha, au hupanda juu, akaukusanya unga, akaenda nao zake mzingani. Ni mgeni alaye bila kuacha kitu. Atakiwaye ni mdudu mnene mwenye mgongo ulioinuka, ambaye akiinamia maji matamu mgongo wake hufuta vifuko na ncha kwa pamoja.

Kwa siku tisa sikumwona mdudu wa namna hiyo. Siku ya kumi, yapata saa nane, nalisikia mvumo mzito kama wa pikipiki iliyo mbali, akaja nyuki mmoja mweusi, mkubwa kama ncha ya kidole gumba, mwenye mishipi miwili ya manjano nyuma ya mabega. Alitua juu ya ua, likainama kwa uzito wake. Akanywa. Alipoondoka mgongo wake ulikuwa na vumbi la dhahabu, akaenda moja kwa moja kwenye shina la pili, kisha la tano. Katika muda usiofika robo saa alikuwa amekwisha kuyapitia maua zaidi ya 20. Nikainuka na kigoda changu nikamfuata kwa macho hata akaingia katika boriti iliyotokeza nje ya paa la jiko la mama.

Mama alikuwa mlangoni akichambua mboga. Nikamwuliza kama amepata kumwona mdudu yule.

"Huyo?" akasema. "Si huyo ndiye aliyejaa katika zile nguzo tulizozichoma? Wengine walitoka moto ulipowaka, wengine hawakutoka. Nalidhani wewe wajua, mwanangu. Wewe ndiwe uliyesoma."

Sikujibu. Nalirudi kwenye pasheni nikaketi, nikazihesabu nguzo zangu mpya zilizotiwa dawa.

Tangu siku hiyo nimetafuta kila habari niwezayo kuipata juu ya mdudu huyu. Wataalamu humwita Xylocopa, jina la asili ya Kigiriki lenye maana ya mkata miti, nasi twaweza kumwita nyuki seremala. Hali mti. Hilo lafaa lisemwe mapema, maana wengi humwua kwa kudhani kuwa ni ndugu wa mchwa. Huutafuna kwa taya zake ili apate njia, na unga wa mti huutupa nje. Ukiona vumbi la mbao limejikusanya chini ya boriti kavu, tazama juu, utaliona tundu. Hapendi mti mbichi wala mgumu sana, na nguzo iliyotiwa dawa hamfai kitu. Apendacho ni mti laini uliokauka, yaani kile kile ambacho mwenye bidii hukiondoa akisafisha shamba lake.

Kipande cha boriti ile kilipooza na kuanguka baada ya mvua, nalipata nafasi ya kuona ndani. Nalikipasua taratibu kwa panga. Mlikuwa na njia nyofu, laini kama iliyopigwa randa, imegawanywa vyumba kwa kuta nyembamba zilizofanywa kwa unga wa mti uliotafunwa na kugandamizwa. Katika kila chumba mlikuwa na donge la manjano, unga wa maua uliokandwa kwa maji matamu, kama ugali mdogo. Juu ya donge moja lilikuwako yai jeupe lililopinda kidogo, refu kuliko punje ya mchele. Nyuki seremala ana mayai yaliyo miongoni mwa makubwa kabisa ya wadudu wote wa duniani. Katika chumba kingine alikuwamo buu mnene amekwisha kula nusu ya donge lake. Mama hujaza chumba chakula, hutaga yai moja, hufunga ukuta, kisha huanza chumba kingine, akirudi nyuma kuelekea mlangoni.

Jambo lililonitia huzuni ni hesabu ya mayai. Malkia wa nyuki wa asali, msimu ukiwa mzuri, aweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku moja. Nyuki seremala hutaga machache tu kwa msimu mzima, nawe waweza kuyahesabu kwa vidole. Nyuki wa mzinga wakipotea, kundi jingine laweza kuhamia mzingani mwaka huo huo. Lakini mwenye kuchoma nguzo za maseremala amechoma kazi ya miaka mingi, na kuzaana kwao upya ni kwa polepole sana.

Yafaa niseme pia juu ya uoga tulio nao. Dume wa aina hii ni wa rangi ya manjano yenye ukijani mwili mzima, hata mtu humdhania kuwa mdudu mwingine. Ndiye arukaye mbele ya uso wako akisimama hewani kana kwamba anakudai, lakini dume hana mwiba kabisa. Jike anao, naye hautumii ila akishikwa mkononi au akibanwa. Watoto wa kaka yangu wamecheza chini ya boriti ile miaka yote, wala hakuna aliyeumwa.

Mwaka ule, kwa kuwa maseremala walikuwa wamebaki wachache, tuliifanya kazi yao sisi wenyewe. Mama na watoto walipita alasiri wakichukua unga kwa ncha ya kidole kutoka shina moja na kuupaka katika ncha za maua ya shina jingine. Matunda yalishika vizuri. Lakini ilikuwa kazi ya kila siku, maana ua la leo halingoji kesho, na watoto shule ilipofunguliwa tulishindwa. Huko Brazil, wakulima wa pasheni hulipa watu mshahara kwa kazi hii ya kidole, na watafiti wa nchi hiyo wamefanya masanduku ya pekee ya kuwaweka maseremala karibu na mashamba. Mimi sina masanduku. Nalikata magogo tisa ya mwamba-ngoma mkavu, marefu kama mkono wa mtu mzima, nikayatundika kwa waya chini ya upenu wa banda pasipofikiwa na mvua. Katika mawili nalianza matundu kwa keekee, kama kumwonyesha mtu mahali pa kugonga.

Miezi saba ikapita bila kitu. Mama akaniuliza kama magogo yale ni kuni au si kuni. Kisha asubuhi moja kulikuwa na vumbi la mbao juu ya kifuniko cha pipa la maji, jeupe, jipya. Leo magogo sita yana wenyewe. Msimu uliopita nalifunga nyuzi maua 40 tena, na yaliyoshika tunda yalikuwa 17. Sidai kuwa hii ni hesabu ya kitaalamu. Mvua nayo ilikuwa njema. Lakini hakuna kidole cha mtu kilichoyagusa maua hayo.

Ukisha kumjua nyuki mmoja macho hufunguka, nawe huanza kuwaona wengine. Mwaka 2014 shirika la Nature Kenya lilitoa kitabu cha Dakta Dino Martins juu ya wadudu wachavushao mimea katika Afrika Mashariki, na picha za namna hiyo humsaidia sana mtu asiye mtaalamu. Tena hapa hapa kwetu, Dakta Mary Gikungu wa Makumbusho ya Taifa aliwachunguza nyuki wa msitu wa Kakamega na sehemu za kando yake, akaandika juu yao tasnifu aliyoitoa katika Chuo Kikuu cha Bonn mwaka 2006. Katika eneo hilo zimepatikana aina zaidi ya 200. Nami nilikuwa nimezijua mbili: yule wa mzinga, na yule mdogo asiyeuma ambaye wazee hutafuta asali yake katika mashimo ya miti.

Mmoja wa wageni wangu wapya ni mkata majani. Nalikuwa nimelaumu viwavi kwa sababu ya majani ya mawaridi na ya mbaazi yaliyokatwa vipande vya duara, safi kama vilivyokatwa kwa mkasi. Siku moja nalimkuta mwenye mkasi kazini. Ni nyuki mdogo kuliko seremala, mwenye kichwa kipana, naye hulikata jani akizunguka kama bikari, kisha huruka na kipande amekikumbatia tumboni. Vipande virefu hufanya kuta za chumba, na vya mviringo hufanya kifuniko. Yule wa kwetu alikuwa amejenga ndani ya mwanzi uliovunjika. Unga wa maua hauweki miguuni kama nyuki wa asali. Huubeba chini ya tumbo, katika nywele ngumu kama brashi, ukiwa mkavu, na kwa hiyo humwagika kwa urahisi kila atuapo. Huyu humpendeza mama kuliko wote, kwa sababu ya mitoo. Ua la mitoo limefungwa kama mdomo, na unga wake hausukumwi nje mpaka mdudu mwenye nguvu alikanyage na kulibonyeza. Mkata majani na seremala huliweza. Mama huweka mbegu zake mwenyewe za mitoo kila mwaka, wala hanunui dukani.

Katika mabiringani kuna jambo la ajabu zaidi, na yeyote mwenye masikio aweza kulisikia. Vifuko vya unga vya biringani havipasuki kama vya maua mengine. Vina tundu dogo tu nchani, kama kopo la chumvi ya mezani. Unga hautoki mpaka kifuko kitikiswe. Nyuki wa asali hajui kukitikisa. Seremala hujua: hushika kifuko kwa taya na miguu, huyatuliza mabawa, kisha huitetemesha misuli ya kifua chake, na sauti yake hupanda ghafula ikawa nyembamba, kama mtu apulizaye kitana. Unga humwagika tumboni mwake. Nyanya na mnavu ni wa jamaa hiyo, nao hupenda mtikiso huo huo, ijapokuwa nyanya hujisaidia pia kwa upepo. Mwaka 2008 Gemmill-Herren na Ochieng' walichapisha utafiti wao juu ya biringani hapa Kenya, wakaonyesha ya kuwa wachavushaji wake hodari ni nyuki wapweke wawili, mmoja akiwa ni huyu seremala mwenye mishipi ya manjano, na kwamba nyuki hao hutegemea vichaka na mapori yaliyo karibu na shamba. Mkulima aliyefyeka kila kitu mpaka mpakani hulima biringani lake na kuwafukuza vibarua wake kwa jembe lile lile.

Sasa nafika kwenye ukuta, ambao ndio ulionifanya niandike.

Jiko la mama ni la udongo. Ukuta wake wa mashariki hupata jua la asubuhi, na tangu utoto wangu una vitundu vingi vidogo, kiasi cha kuingia penseli. Kila Desemba mama huukandika, na kila Januari vitundu hurudi. Wakaao humo ni nyuki wenye manyoya kifuani na mishipi ya samawati tumboni, wazuri kuliko shanga. Vitabu huwaita Amegilla. Huenda mbio sana. Husimama mbele ya ua kama aliyesahau alichokuja kukitaka, mara huyu hapa, mara hayupo. Jike huchimba njia udongoni, na mwishoni hufanya vyumba ambavyo huvipaka ndani kitu kama nta kitokacho mwilini mwake, ili unyevu usiingie wala chakula kisitoke, maana ugali wa hawa ni majimaji kama uji. Nao pia hujua kuyatikisa mabiringani.

Madume hawaruhusiwi nyumbani. Jioni, yapata saa kumi na mbili, huja mmoja mmoja kwenye mabua makavu ya nyasi nyuma ya jiko. Kila dume huliuma bua kwa taya, huikunja miguu, na kulala hivyo usiku kucha, amening'inia kwa meno yake. Nimewahesabu 14 katika bua moja. Ukija na taa hawaondoki. Umande huwalowesha hata waonekane kama mbegu. Asubuhi jua likiwapata hujifuta uso kwanza, kisha huenda zao.

Katika ukuta huo huo nimemwona mwizi. Ni nyuki mweusi mwenye madoa ya samawati, nadhifu sana, naye huzunguka mbele ya vitundu bila haraka. Hana brashi ya kubebea unga kwa sababu hafanyi kazi. Humngoja mwenye nyumba atoke, huingia, hutaga yai lake katika chumba cha mwenzake, na kutoka. Buu wake huzaliwa na taya ndefu, humwua mtoto wa mwenye nyumba, na kula chakula chote. Nalitaka kumwua mwizi huyu kwa kandambili. Kisha nikakumbuka habari ya nguzo, nikaona si vema mtu aliyewachoma wengi amhukumu mmoja.

Basi mwezi wa Agosti kaka yangu mkubwa, akaaye Nairobi, alituma fedha ili jiko la mama lipigwe saruji ndani na nje. Ni jambo jema, wala simlaumu. Mama amepika katika vumbi la udongo miaka mingi. Wageni watakuja Desemba kwa harusi ya mdogo wetu. Na majirani wote wa upande wa barabara wamekwisha kupiga saruji. Lakini nyuki hawa hawawezi kutoboa saruji. Udongo wa mama huwapa kazi ya juma moja, saruji huwafungia mlango milele, tena walio ndani huzikwa wakiwa mabuu.

Nalizungumza na fundi, naye alinisikiliza kwa heshima kama mtu amsikilizavyo mgonjwa. Nalizungumza na jirani yangu pia kwa habari nyingine iliyo karibu na hii, kwa maana yeye hupulizia nyanya zake dawa ya wadudu saa tatu asubuhi, nyuki wanapokuwa wengi mauani, na upepo huileta kwetu. Nalimwomba apulizie jioni, wala asipulizie mimea iliyo katika maua, tena asome kibandiko kama dawa yake ni ya kuua nyuki. Maana zimo ambazo nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza matumizi yake mashambani mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Alisema jioni huwa amechoka. Lakini siku hizi naona siku nyingine apulizia jioni, na siku nyingine asubuhi. Hatujapatana barabara.

Kwa ukuta, neno la mwisho lilikuwa la mama, kwa kuwa jiko ni lake. Nalimwambia yote, nikamwambia pia ya kuwa akitaka saruji sitasema kitu. Hakujibu siku hiyo. Kesho yake nalimkuta amesimama upande wa mashariki na kikombe chake cha chai, akiutazama ukuta.

"Hao wapangaji wako hawalipi kodi," akasema.

Nikasema hulipa kwa mabiringani.

Fundi amekwisha kupiga kuta tatu, na kwa kweli ni nzuri, zimenyooka na zimepakwa chokaa. Ukuta wa nne ameuachia kando mifuko miwili ya saruji iliyofunikwa turubai, akaniuliza kwa sauti ya chini kama fedha zimeniishia. Jumamosi iliyopita nalihesabu vitundu vipya 11. Kaka atafika Desemba siku chache kabla ya harusi, na jambo la kwanza atakaloliona akizunguka nyuma ni udongo ule. Mama amesema nisimwandikie barua wala nisimpigie simu. Atamweleza yeye mwenyewe akifika, tena asubuhi, jua likiwa limepanda, ili amwonyeshe.